Zulia jeusi mlangoni pa choo

Bibi mmoja niliyekwenda kumwona nyumbani kwake alikuwa akifika mlangoni pa choo anasimama, anashika fremu, kisha anageuka. Watoto wake walisema ni ukaidi wa uzee. Nikatazama chini. Palikuwa na zulia dogo jeusi la kufutia miguu juu ya marumaru nyeupe, na kwa macho yake lile lilikuwa shimo. Tulipoliondoa, akaingia.

Ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, yaani dimensia, hauli kumbukumbu tu. Huvuruga pia namna ubongo unavyokipokea kile jicho linachokiona: kina, umbali, tofauti ya rangi. Marumaru inayong'aa huonekana kama imemwagikiwa maji. Choo cheupe kwenye sakafu nyeupe na ukuta mweupe hupotelea humo humo, mzee asijue akae wapi, akajikojolea akiwa hatua moja tu nacho. Inaniuma sana kusikia anagombezwa kwa hilo. Wekeni kikalio cha buluu au chekundu, mlango wa choo upakeni rangi yake peke yake, na usiku taa ya huko iachwe ikiwaka, maana wengi wanaoamka na kuzunguka gizani wanatafuta choo.

Jambo jingine ni jua la asubuhi. Ndani ya jicho kuna chembe hai ambazo kazi yake hasa ni kuujulisha ubongo kwamba kumekucha. Mzee akishinda chumbani mapazia yameshushwa, saa ya mwili, ile inayoupangia wakati wa kulala na kuamka, huyumba: mchana anasinzia, usiku hatulii. Nyumba za mawe za Lamu zina kiwanda, ule uwanja wa ndani usio na paa, ambapo mtu hupata mwanga na hewa bila kutoka mtaani. Huko Weesp, Uholanzi, mwaka 2009 kilifunguliwa Hogeweyk, kijiji cha watu wenye dimensia kilichojengwa kwa fikra inayofanana na hiyo. Majengo yamezunguka vijia, bustani na duka, na wakazi hutembea watakavyo bila kupotea. Kwetu ua wenye geti linalofungwa, kivuli na kiti imara unatosha kabisa.

Na jioni vuteni mapazia kabla ya kuwasha taa. Nje kukiwa giza, kioo cha dirisha humrudishia mzee sura yake, naye huona mtu asiyemjua anamchungulia.