Waliobeba vita ya 1914, majina yao tuyatafute wapi?

Ukimuuliza mtu anajua nini kuhusu Vita ya Kwanza ya Dunia hapa kwetu Afrika Mashariki, wengi watakutajia Tanga na nyuki. Sawa kabisa, ni kweli. Mwanzoni mwa Novemba 1914 Waingereza walishusha pale Tanga jeshi la watu kama 8,000 kutoka India, upande wa Mjerumani alikuwepo kamanda wao von Lettow-Vorbeck na watu kama 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika, na bado Waingereza walipigwa wakarudi melini wakaacha bunduki na risasi zao nyuma. Nyuki nao walikuwepo na waliuma pande zote bila ubaguzi.

Sasa sisi tunaofanya kazi za makumbusho tunaona hadithi inaishia hapo. Watu wanajua jina la jenerali, wanajua mpaka nyuki, ila hawajui kwamba hii vita iliendelea miaka minne na iliendeshwa kwa mabega ya wapagazi. Upande wa Waingereza peke yake waliochukuliwa kubeba mizigo wanakadiriwa kufika milioni moja, kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda, Malawi, Zambia na kwingine. Wapagazi waliokufa upande huo, hesabu ya rasmi inakaribia 100,000, na wanahistoria wengi wanaamini walikuwa zaidi ya hapo. Kwa Wajerumani ndiyo kabisa, watu walikamatwa vijijini wakafungwa kamba wakabeba, na hesabu ya maana haikuwekwa.

Kwa nini watu na siyo wanyama? Mbung'o. Farasi, punda na ng'ombe walioletwa walikufa kwa maelfu kwa ugonjwa wa mbung'o, reli zilikuwa chache, magari yalikwama kwenye matope, kwa hiyo akabaki binadamu. Na hapa naomba tupige hesabu kidogo maana ndiyo inaonyesha ukatili wa ile kazi. Mpagazi anabeba kama kilo 25, na anakula karibu kilo moja kwa siku. Tuseme anabeba unga kwenda kwa wanajeshi walio mbali mwendo wa siku kumi, akila kwenye mzigo huohuo kwenda na kurudi ameshamaliza kilo 20, anayepigana anafikiwa na kilo tano. Kwa hiyo ili askari mmoja ale inabidi watu wengi watembee, na njia ikirefuka ndiyo wanazidi kuhitajika, na kilichofanyika ni kumpunguzia mpagazi chakula. Alipewa unga wa mahindi bila muda wala sufuria ya kuupika ukaiva, tumbo likaharibika, kuhara damu ikaanza. Wengi walitoka nyanda za juu zenye baridi wakapelekwa Rufiji kwenye malaria na mafuriko. Ndiyo maana nasema ukitaka kuhesabu waliokufa usiangalie uwanja wa mapigano tu, waliouliwa na risasi ni wachache ukilinganisha na waliouliwa na njaa, magonjwa na uchovu.

Ukifika Fort Jesus pale Mombasa utaona mzinga wa meli ya Kijerumani ya Königsberg, iliyomalizwa kwenye delta ya Rufiji Julai 1915. Mizinga yake kumi ilitolewa majini ikapigana nchi kavu, na mamia ya watu waliivuta kwa kamba kwenye tope na mchanga mpaka Dar es Salaam. Mgeni anapiga picha na mzinga. Waliouvuta hawamo hata kwenye orodha.

Na watu hawakwenda kwa hiari, tusidanganyane. Wagiriama wa pwani ya Kenya walikataa kutoa vijana wao, mama aliyewaongoza, Mekatilili wa Menza, alikuwa ameshakula kiapo na watu wake tangu 1913, na Agosti 1914 serikali ikailipua kwa baruti Kaya Fungo, mahali pao patakatifu. Mwaka 1917 Kenya ukafanyika msako mkubwa, vijana wakachukuliwa majumbani na mashambani. Mwaka huohuo, Oktoba, kule Mahiwa karibu na Lindi yakapiganwa mapigano ya siku nne ambayo ndiyo mabaya kuliko yote ya vita hii hapa Afrika Mashariki, upande wa Waingereza wakiwemo Wanigeria ulipoteza zaidi ya nusu ya watu wake. Waliobaki nyumbani nao hawakupona: Ugogo majeshi yalichukua nafaka na mifugo, mvua ikakosekana, ikaja njaa ya Mtunya iliyoua watu wanaokadiriwa 30,000. Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Mbala, kaskazini mwa Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, Ulaya walishamaliza wiki mbili kabla, wakati huo homa kubwa ya mafua imeshaingia na watu waliodhoofika wanaendelea kufa.

Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam iliwekwa 1927, Nairobi nao wana ya kwao. Maandishi yake yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, yanawaambia hata mkifa watoto wenu watayakumbuka majina yenu. Jina halikuandikwa hata moja. Na wakubwa wa wakati ule walikubaliana makaburi ya wapagazi, yakiwemo ya Dar es Salaam, yaachwe tu yamezwe na pori. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi Waafrika, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Mimi hili linaniuma, nasema wazi.

Yaliyobaki yako kwenye familia. Ukienda kwa wazee usiulize "babu alipigana vita?", watasema hapana, maana hakuwa askari. Uliza kama kuna mtu aliyechukuliwa kubeba mizigo akapotea, uliza kuhusu kariakoo au tengatenga, ndiyo majina waliyoitwa wapagazi, uliza nani alirudi mgonjwa akafa. Andika jina lake, la baba yake, ukoo, kijiji alichochukuliwa na aliyewaletea habari. Rekodi kwa simu, mzee aongee lugha yake, akikosea mwaka usimkatize, miaka tutaitafuta sisi. Na kama kuna kibati chenye namba ambacho mpagazi alivaa, tafadhali usikisugue kwa mchanga wala ndimu, namba inaweza kufutika. Kifunge kwenye kitambaa kikavu, kipige picha pande zote mbili, kisha peleka picha na maelezo makumbusho au ofisi ya nyaraka iliyo karibu nawe, kibati chenyewe kibaki kwenu.