Je, wajua mchanga uliobeba nyumba unaweza kugeuka uji?

Maji yakishatoka Jambiani au Nungwi, hapa Unguja, tafuta pahala karibu na bahari ambapo mchanga umelowa lakini bado unakubeba vizuri. Simama hapo upigepige miguu harakaharaka. Punde utaona mchanga unang'aa, maji yanapanda, na nyayo zinazama. Ukiacha, mchanga hukaza tena na kukung'ang'ania miguu.

Chembe za mchanga hubebana, na uzito wako hupita kutoka chembe hadi chembe. Katikati yake mna maji. Mchanga ambao haujashindiliwa ukitikiswa, chembe hutaka kusogeleana, lakini maji hayawahi kukimbia, basi mzigo unahamia kwenye maji. Shinikizo lake likifikia uzito wa kilicho juu, chembe hazishikani tena. Tetemeko la ardhi hufanya hivyo kwa mita kadhaa kwenda chini. Huko Niigata, Japani, mwaka 1964, majengo ya ghorofa yaliinama hadi mengine yakalala ubavu, na kuta zake nzima.

Maabara huyaiga haya kwa sampuli ndogo. Mchanga hutiwa ndani ya mfuko mwembamba wa mpira, hushibishwa maji mpaka hewa itoke, kisha hubanwa kila upande kama ulivyokuwa umebanwa ardhini. Vali ya kutolea maji hufungwa, na mashine ikaanza kusukuma na kuvuta, kusukuma na kuvuta. Kwenye grafu, mstari wa shinikizo la maji hupanda kidogo kwa kila mzunguko, na sampuli yenyewe haioneshi kitu. Halafu, ndani ya mizunguko michache tu, inalegea yote. Tabu kubwa ni kuupata huo mchanga bila ya kuuvuruga. Wajapani wamewahi kuigandisha ardhi kwanza ndipo wakaikata.

Wengi hudhani kipimo kimeishia hapo. Kwangu mimi utamu ndio unaanza. Vali ikifunguliwa, maji yanayotoka hupimwa, maana hicho ndicho kiasi ambacho ardhi itatitia baada ya mtikisiko kupita. Au vali huachwa imefungwa na sampuli ikasukumwa polepole upande mmoja. Mchanga ulioshindiliwa huteleza kwanza, kisha chembe zikipandana hurudisha nguvu. Ule mlegevu hubaki dhaifu, na ndio unaoweza kuporomosha mteremko mzima. Tena kutitia mara moja si kinga: Christchurch, New Zealand, ardhi iligeuka uji Septemba 2010, na Februari 2011 ikarudia.

Na kwetu? Matetemeko makubwa ni nadra, lakini Agosti 12, 2020, tetemeko la ukubwa wa karibu 6 lililotokea chini ya bahari, kusini-mashariki ya Dar es Salaam, lilisikika hadi Unguja. Aliyejenga juu ya maweni, Makunduchi kwa mfano, hili la uji halimhusu, kwani jiwe la matumbawe si chembe zilizokaa ovyo. Mimi ningeanzia Darajani. Mkondo wa bahari uliokuwa ukiutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo ulifukiwa katika karne ya 20, na leo juu yake watu wanauza na kununua. Ardhi ya kufukiwa, na bahari iko hapo hapo: hata bila ya kujua kilichomo chini, pahala kama hapo ndipo pa kupima kabla ya kuongeza ghorofa.

Kipimo cha kuanzia wala hakihitaji maabara. Bomba hupigiliwa ardhini kwa nyundo ya kilo 63.5 inayoangushwa kutoka sentimita 76, na mapigo huhesabiwa mpaka bomba lizame sentimita 30. Mchanga unaotaka zaidi ya mapigo 30 kwa kawaida haugeuki uji. Yakiwa matano au sita tu, tena chini ya usawa wa maji, mhandisi atataka ushindiliwe kwanza, au nguzo za msingi ziteremshwe mpaka zikute jiwe.