Ujumuishi maana yake nini kwa mtu mwenye ulemavu mkubwa

Kiswahili kimetupa vitenzi viwili ndugu, kujumlisha na kujumuisha, na tofauti yao inaeleza dhana hii vizuri kuliko semina nyingi nilizohudhuria. Kujumlisha ni hesabu: darasa lilikuwa na watoto 60, ameletwa mmoja, sasa wako 61. Kujumuisha ni pale huyo wa 61 anapoulizwa swali na kukosea, anapangiwa zamu ya kufuta ubao, anaalikwa kwenye mchezo wakati wa mapumziko na kufokewa akipiga kelele. Shule nyingi zetu zimejumlisha.

Tanzania Bara tunasema elimu jumuishi, Zanzibar wanasema elimu mjumuisho. Kwenye ajira wengi hutumia neno ushirikishwaji. Majina yasikutishe, kitu ni kimoja. Na ninaposema ulemavu mkubwa namaanisha mtu anayehitaji mkono wa mwenzake kwa sehemu kubwa ya siku: kula, kuoga, kwenda chooni, kugeuzwa, au kueleweka anachosema. Mwenye mtindio wa ubongo uliokaza viungo vyote ni mfano. Mwingine ni kiziwi asiyeona, au mwenye ulemavu wa akili wa kiwango cha juu. Hawa ndio hubaki nje hata pale milango inapofunguliwa, kwa sababu mlango huwa umepimwa kwa mtu anayeweza kuufikia mwenyewe.

Mtaani kwetu alikuwepo mtoto wa namna hiyo. Miguu na mikono ilikuwa imekakamaa, maneno yanatoka kwa kuvutwa, na asiyemzoea hakuambulia kitu. Shule ilimkubali, jambo la kushukuru, kwa sharti kwamba mama yake awepo. Basi mama akawa anambeba mgongoni asubuhi, anamkalisha nyuma ya darasa, kisha anakaa chini ya mwarobaini mpaka saa nane mchana. Biashara yake ya vitumbua ikafa. Ada ilishafutwa, lakini hakuna waraka uliofuta kazi ya mama chini ya mwarobaini.

Kitu kilichonikaa zaidi ni uji. Mtoto yule alikuwa hanywi uji siku za shule, wala maji. Choo kilikuwa cha shimo, hana pa kushika, na mama peke yake hamudu kumchuchumiza. Kwa hiyo wakakubaliana kimyakimya kwamba asinywe. Kwenye daftari la mahudhurio alikuwa na vyema karibu kila siku.

Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu ilitoa ufafanuzi wa haki ya elimu mwaka 2016, na humo ikatenganisha hali nne ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni mtoto kufungiwa nyumbani. Ya pili ni kupelekwa mahali pa peke yao, mbali na watoto wengine. Ya tatu ndiyo iliyompata mtoto wetu: unaingizwa kwenye shule ya kawaida jinsi ilivyo, halafu ni juu yako kujikunja ukae sawa nayo. Ya nne, ambayo ndiyo ujumuishi, shule ndiyo inajikunja. Mkataba wenyewe ulipitishwa Desemba 2006, Kenya ikauridhia 2008 na Tanzania 2009. Wazo lake ni la zamani kidogo, kwani lilipata sauti kubwa kwenye mkutano wa Salamanca, Hispania, mwaka 1994.

Kujikunja kwa shule kulianza na fundi seremala. Alitengeneza kiti chenye mbavu pande zote mbili na mkanda kifuani, mtoto asiteleze. Chooni pakawekwa bomba la kushikia na kiti cha mbao chenye tundu, na mhudumu mmoja wa shule akafundishwa namna ya kumnyanyua bila kuumiza kiuno chake wala cha mtoto. Mwalimu wa hisabati naye akabuni lake: anauliza swali lenye majibu matatu, anayataja moja moja, mtoto akiinua macho juu ndiyo jibu lake, akifumba siyo. Ilichukua wiki chache tu kugundulika kwamba jedwali la kuzidisha alikuwa analijua kuliko nusu ya darasa. Alikuwa amelisikia mwaka mzima akiwa kule nyuma, hakuna aliyemuuliza.

Mama akarudi kwenye vitumbua. Hili halisemwi vya kutosha: mtoto mwenye ulemavu mkubwa akijumuishwa sawasawa, wanaopata nafasi ni wawili, na mara nyingi wa pili ni mwanamke.

Kuna pahali ambapo neno hili hutumika vibaya. Wapo wanaodhani ujumuishi ni kuvunja shule zote za watoto wenye ulemavu peke yao na kuwatawanya. Mchukue mtoto kiziwi, umweke peke yake katikati ya watoto 70 wanaosikia, na mwalimu asiyejua lugha ya alama. Huyo umemtenga kuliko alivyokuwa kwenye shule ya viziwi kama Buguruni Viziwi ya Dar es Salaam, ambako angalau ana watu wa kuongea nao. Mkataba umelitambua hilo, unataka wasioona, viziwi na viziwi wasioona wasome kwa lugha na njia zinazowafaa, katika mazingira yanayowakuza zaidi. Kiziwi anahitaji wenzake wa lugha yake kwanza. Na tukiwa hapo, sisi wengine tulihangaika sana kuokoa watu kutoka ngeli ya ki-vi, tukisema kiziwi na kipofu ni majina ya vitu. Asiyeona limeshika. Lakini viziwi wenyewe walikiita chama chao Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, na wakiitwa hivyo hawaoni haya. Bora kuuliza mwenye jina.

Mitihani ndiyo sehemu ambayo mfumo wetu umejifunza mapema kidogo. Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Wasioona hupewa karatasi za nukta nundu, wenye uoni hafifu maandishi makubwa. Hakuna anayesema wamependelewa. Swali ni lilelile, njia ya kulifikia ndiyo imepanuliwa.

Kazini mambo ni magumu zaidi. Sheria ya 1982 ilimtaka mwajiri mwenye watu 50 au zaidi ahakikishe 2% yao ni watu wenye ulemavu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 ikapandisha: mwajiri mwenye watu 20 au zaidi, 3%. Piga hesabu uone. Asilimia 3 ya 20 ni 0.6, yaani hata mtu mmoja hajatimia, na kampuni ya watu 100 inadaiwa watatu. Tena sheria inahesabu vichwa, haiulizi ukubwa wa ulemavu. Mwajiri mjanja atatafuta anayechechemea kidogo, ajaze nafasi, alale usingizi. Simlaumu aliyeajiriwa, ana haki yake. Ila yule wa kitimwendo asiyeweza kushika kalamu hajasogea hatua.

Njia ya zamani ya kumsogeza ilikuwa kumfundisha kwanza, kisha atafute kazi. Vyuo vyetu vya ufundi stadi na marekebisho, kama Yombo pale Dar es Salaam, vilijengwa kwa mantiki hiyo, na vimetoa mafundi wengi wa cherehani na useremala. Kwa mwenye ulemavu mkubwa njia hiyo hukwama. Anafundishwa miaka, daima anaambiwa bado, mwisho anazeeka akiwa mwanafunzi. Marekani waligundua hilo wakaligeuza, na sheria yao ya 1986 ikaipa njia hiyo mpya fedha za serikali: muweke mtu kazini kwanza, kwa mshahara, halafu afundishwe papo hapo na msaidizi anayekaa ubavuni mwake hadi azoee. Msaidizi hupunguza kukaa kadiri mambo yanavyokaa sawa, ila haondoki moja kwa moja.

Na kazi yenyewe hukatwa upya. Karani wa stoo hupokea mzigo, huhesabu, huandika, hupanga, hubandika lebo. Nani alisema yote matano lazima yafanywe na mikono miwili ya mtu mmoja? Mwenye ulemavu wa akili anaweza kubandika lebo kwa uangalifu ambao mimi na wewe tungechoshwa nao kabla ya saa nne. Iringa kuna kituo cha Neema Crafts kilichoanza 2003, chenye mgahawa unaoendeshwa na viziwi. Mteja anaandika anachotaka kwenye karatasi, anampa mhudumu. Kwa dakika ile, asiyejua lugha ni mteja, na chai inaletwa vilevile.

Mabadiliko hayo, kiti, karatasi, msaidizi, kazi iliyokatwa, yote huitwa marekebisho stahiki. Neno stahiki lina makali pande mbili. Linamlinda mwenye ulemavu, kwa kuwa kumnyima marekebisho ni ubaguzi, na hilo limeandikwa wazi kwenye Mkataba. Linamlinda pia mwajiri au shule, maana hawalazimiki kubeba mzigo uliozidi uwezo wao. Watu wengi hukomea kwenye nusu hiyo ya pili, wanasema bajeti haipo, mazungumzo yanafungwa. Lakini kamati ileile ya Umoja wa Mataifa ilieleza mwaka 2018 kwamba anayedai mzigo umezidi ndiye anayetakiwa kuuthibitisha. Mama hapaswi kuleta hesabu kuonyesha kwamba inawezekana. Mwenye shule ndiye alete zake kuonyesha kwamba haiwezekani.

Kwa lile bomba la chooni hesabu yake ingekuwa hivi: mita moja na nusu ya bomba, mbao za kiti, ndoo mbili za zege, na nusu siku ya fundi.