Vita visipande jukwaani

Vijana wa kuigiza wakisikia tu kwamba mchezo unahusu vita, swali lao la kwanza ni bunduki tutazitoa wapi. Nimeongoza michezo hapa Lamu muda wa kutosha kuwa na jibu: hatuzitoi popote. Mchezo wa nusu saa, wenye waigizaji watano na mkeka mmoja, haubebi vita. Ukijaribu utapata vijana wawili wanakimbizana na vipande vya mbao, na watoto waliokaa mbele wanacheka mpaka machozi. Unachoweza kubeba ni swali moja la nyumbani ambalo, lau si vita, lisingeulizwa kabisa. Nitaeleza kwa huu tunaoufanyia mazoezi sasa, maana wengi wameniuliza mbona haumo hata mlio mmoja wa risasi.

Familia ni ya Wabajuni wa Kismayu, bandari ya kusini mwa Somalia. Mwaka ni 2001. Msichana aliyeshuka jahazini mwaka 1991 akiwa na miaka tisa sasa ana kumi na tisa, na amechumbiwa. Babake alibaki nyuma kungojea mashua yake iliyokuwa bado baharini. Alisema atakuja na chombo kitakachofuata. Hakuja, wala hakuna aliyemzika. Mama na binti wanakaa mtaa wa Langoni kwa ndugu wa baba, aliyehamia Lamu zamani, kabla ya yote haya. Ijumaa baada ya Isha kuna nikaha. Nani ataoza?

Mtu wa mbali atadhani hawa waliingia nchi ya watu. Makaratasi ndivyo yalivyosema. Lakini Kismayu, pamoja na Jubaland nzima, ilikuwa chini ya Waingereza mpaka walipoikabidhi kwa Italia mwaka 1925, na mpaka ukapitishwa Ras Kiamboni, katikati ya pwani moja ya watu wamoja. Koyama, Chovai na Chula zikabaki kule. Kiunga, Kiwayu, Ndau na Faza zikabaki huku. Watu wakaendelea kuoana na kuzikana kama kawaida. Januari 1991 serikali ya Siad Barre ilipoanguka, Kismayu ikawa leo ya kundi hili, kesho ya lile, na Wabajuni, wasio na wanamgambo wa ukoo wa kuwakinga, waliporwa nyumba na vyombo. Wakaja kusini kwa bahari. Wenye jamaa walishukia kwa jamaa. Wengine waliwekwa kambini Mombasa, kama ile ya Jomvu, na kambi zilipofungwa kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 kuna waliorudishwa na kuna waliopata njia ya Ulaya. Haya yote kwenye mchezo yamechukua sentensi mbili, na moja nafikiria kuifuta.

Sasa turudi kwa walii, yaani mwenye haki ya kumwoza msichana, kwa sababu mchezo wote umelala hapo.

Huku tunafuata madhehebu ya Imamu Shafii, na uwalii una safu yake: baba, kisha babu mzaa baba, kisha ndugu wa kiume na wana wao, kisha ami. Baba na babu wakiwa wamekufa, na msichana hana kaka, ami ndiye walii, hakuna ubishi. Lakini baba akiwa hai na yuko mbali, masafa ya marhala mbili, yaani mwendo wa siku mbili, au zaidi, uwalii hauteremki kwa ami. Unakwenda kwa kadhi. Na aliyepotea bila habari huhesabiwa yu hai mpaka kifo chake kithibitike au kadhi ahukumu.

Tazama basi. Akioza ami, nyumba nzima imetangaza kwamba baba amekufa. Akioza kadhi, imetangaza kwamba yu hai. Pale mkekani hapana mahali pa tatu pa kukaa. Miaka kumi watu hawa wamekula pamoja bila kulitamka neno hilo, na sasa bwana harusi amenyoosha mkono anangoja ushikwe.

Nimeandika hivi:

AMI: Sheikh, mimi ndiye ami yake. Baba mmoja, mama mmoja na babake.
KADHI: Nakujua. Kakako yu hai?
(Kimya.)
MAMA (nyuma ya pazia): Mjibu sheikh, shemegi.

Kijana anayeigiza ami alitaka kulia hapo. Nikamkataza. Mtu anayelia amekwisha kujibu.

Na ami ana sababu nyingine ya kunyamaza, ambayo sikuiandikia hata mstari mmoja. Akisema kakake amekufa, mke wa kakake amekuwa mjane, na itaulizwa eda ya miezi minne na siku kumi ihesabiwe tangu lini. Mirathi nayo imefunguka. Marehemu ameacha mke, binti mmoja na ndugu: mke thumni (fungu moja katika manane), binti nusu, na kinachobaki, thumni tatu, ni cha ndugu. Kuna kiwanja Kiunga, kimetajwa kwa kupita mwanzoni mwa mchezo. Hadhira ya Lamu haihitaji kuelezwa. Wazee hugawa mafungu vichwani kabla mwigizaji hajafumba mdomo, na utawasikia wakinong'onezana. Ningeupeleka mchezo huu bara ningelazimika kuongeza mtu wa kuuliza na mtu wa kujibu, na ungepoa.

Isisahaulike pia kwamba kadhi kwetu ni hakimu. Mamlaka yake juu ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu yalikuwamo kwenye Katiba ya zamani na yamo kwenye hii ya 2010, kifungu cha 170. Ami akisema asilolijua, amelisema mbele ya hakimu.

Mfukoni ana barua. Hii ndiyo sehemu niliyoipenda zaidi kuiandika. Msalaba Mwekundu ulikuwa ukiwabebea watu waliotenganishwa na vita barua za wazi, zisizofungwa, ambazo zinakaguliwa njiani na zinaruhusiwa habari za jamaa tu: nani kazaliwa, nani mgonjwa, tuko wapi. Ya vita na siasa hayaandikwi. Majina ya waliopotezana yalikuwa yakisomwa pia kwenye Idhaa ya Kisomali ya BBC, na mama wa mchezo wetu ana redio anayoifungua kila jioni, asubiri jina moja katikati ya mamia. Barua ya ami inatoka Chula, kwa binamu, na ina mistari mitatu. Watu wote wazima. Mashua ya kakako imeonekana. Mwenyewe hatukumwona. Ameificha miaka minne.

Nilipoishika karatasi hiyo niliyoiandika mwenyewe niliona kwamba sheria ya barua zile ndiyo sheria ninayoitaka jukwaani. Hakuna aliyetaja bunduki, na bado huwezi kuisoma bila kujiuliza mashua ilionekana ikiwa na nani.

Kuhusu upangaji, maneno machache. Pazia la kutenga wanawake na wanaume tumelikata kutoka mbele kwenda nyuma, lisikingame, ili watazamaji waone pande zote mbili kwa pamoja ilhali waigizaji hawaonani. Mama anasikia kila kitu na haoni kitu. Mkeka uwe mmoja, usiojaa watu. Kama mtapata ua wa Ngome ya Lamu, chukueni. Jengo lile lilikuwa jela mpaka 1984, kuta zake ni ndefu na nene, na mtu akinyamaza pale kunanyamaza kweli. Kwenye ukumbi wa mabati, kaskazi ikivuma, kimya cha ami kitaliwa na paa.

Ami hajibu. Anatoa barua, anampa kadhi mkononi, kisha anasogea kutoka mahali pa walii akakaa mahali pa shahidi. Kadhi anaisoma kimoyomoyo, anaikunja, anaitia ndani ya daftari la ndoa, na kushika mkono wa bwana harusi. Mama hajui ni karatasi gani iliyopita.

Wapo walioniomba baba atokee mlangoni wakati vigelegele vinapigwa. Nimekataa, na nitaendelea kukataa. Akitokea, kadhi amekuwa na haki na ami amekuwa mtu mbaya aliyeficha barua, na wote tunakwenda nyumbani tumepewa hukumu. Asipotokea, watu wanatoka wakigombana kama ami alimwachia kakake uhai wake au aliogopa tu kuapa. Juzi, baada ya mazoezi, waigizaji wenyewe waligombana hilo mpaka jetini, na yule anayeigiza mama hakukubaliana na mtu yeyote.