Mwanza ni jiji la miamba, lakini chini ya kiwanja chako kuna nini?

"Mwanza imekaa juu ya jiwe, tetemeko halitufanyi kitu."

Hili ndilo jibu la wateja wengi wakiambiwa walipie uchunguzi wa udongo, na linachosha. Jiwe unaloliona Capri Point au Bugando ni lile lililochomoza. Ukishuka bondeni kando ya Mto Mirongo, au ufukweni, jiwe hilohilo limefunikwa na mchanga, mfinyanzi na vifusi. Mawimbi ya tetemeko yakitoka kwenye mwamba na kuingia udongo laini hupungua mwendo, na mtikisiko hukua.

Piga hesabu ya mdundo wa ardhi, yaani muda wa kuyumba mara moja, kwenda na kurudi. Kina cha udongo mara nne, gawanya kwa kasi ya mawimbi ya S, yale yanayoitikisa ardhi upande kwa upande. Mita 6 za udongo wenye kasi ya mita 150 kwa sekunde hutikisika kwa mdundo wa sekunde 0.16, karibu sana na mdundo wa nyumba ya ghorofa moja, na midundo ikilingana nyumba huyumba zaidi. Na hapo ndipo wengi wanapopotoka: wanachukua wastani wa kasi ya mawimbi hayo kwa mita 30 za juu. Chini ya udongo huo kukiwa na granaiti yenye kasi ya mita 1,500 kwa sekunde, wastani unatoka kama 535, kiwanja kinaonekana kizuri kwenye karatasi. Si kizuri. Udongo mwembamba juu ya jiwe gumu upewe kundi lake katika ramani ya mtikisiko wa ardhi.

Kosa jingine: sururu ikigonga jiwe kwenye mita 2, fundi anatangaza mwamba. Granaiti ikioza huacha mawe makubwa yakielea ndani ya udongo. Choronga angalau mita 3 ndani ya jiwe, tena kwenye pembe tofauti za kiwanja. Msingi ukikaa nusu kwenye mwamba na nusu kwenye kifusi, nyufa zitaanzia hapo zinapokutana. Ushushe wote hadi kwenye jiwe, au ligawe jengo mara mbili na kuacha nafasi katikati.

"Matetemeko ni ya Bukoba."

Lile la 10 Septemba 2016, ukubwa wa 5.9, liliua watu Kagera, na Mwanza lilisikika. Umbali peke yake si kinga: Mexico City mwaka 1985 iliangushiwa majengo na tetemeko lililoanzia zaidi ya kilomita 300, kwa sababu ya mfinyanzi wa ziwa la kale.

"Ramani itaniambia kama nyumba yangu itaanguka."

Hapana. Inaonyesha ardhi itatikisika kiasi gani. Zege, ringi za nguzo na linta ni kazi yako na mhandisi wako.

"Kupima ni mpaka mitambo mikubwa."

Kifaa kimoja cha kupima mitikisiko midogo ya ardhi, chenye kurekodi pande tatu (juu-chini na pande mbili za mlalo), hutosha kukupa mdundo wa ardhi. Ondoa nyasi, kikae sawasawa kwenye ardhi ngumu, mbali na jenereta, miti inayopepesuka na barabara ya malori. Rekodi dakika 30 bila kukigusa. Kisha linganisha na shimo moja lililochorongwa jirani. Ripoti isiyo na shimo hilo, irudishe kwa aliyeiandika kabla hujamlipa.