Wakipatikana viumbe wenye akili kwingineko, imani zetu zitatikisika?

Swali hili huulizwa sana tunapowatolea watu darubini usiku, na wengi huliuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba ni kufuru. Si kufuru hata kidogo. Waumini walilijadili karne nyingi kabla ya darubini kuwapo.

Mwaka 1277 Askofu Étienne Tempier wa Paris alipiga marufuku hoja 219 zilizokuwa zikijadiliwa katika chuo kikuu cha mji huo. Mojawapo ilidai kuwa Mungu hawezi kuumba ulimwengu zaidi ya mmoja. Ilitokana na mafundisho ya Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kwamba kila kitu kizito huelekea kwenye kitovu kimoja tu, basi ulimwengu wa pili hauna pa kukaa. Askofu hakusema walimwengu wengine wapo. Alichokataa ni mwanadamu kumwekea Mungu mpaka. Kabla yake, Fakhr al-Din al-Razi, mfasiri mkubwa wa Kurani, alikwisha kuandika kwamba Mwenyezi Mungu ana uwezo wa kuumba walimwengu elfu elfu zaidi ya huu. Na Surat Ash-Shura, aya ya 29, inataja viumbe waliotawanywa katika mbingu na ardhi. Wapo wafasiri walioielewa hivyo hivyo ilivyo.

Kwa Mkristo, ugumu hasa uko kwenye ukombozi: Kristo alikufa kwa ajili ya nani? Padri José Gabriel Funes, Mjesuiti kutoka Argentina aliyekuwa mkuu wa kituo cha falaki cha Vatikani, aliulizwa hayo na gazeti la L'Osservatore Romano mwaka 2008. Alijibu kwamba kuamini uwezekano wa viumbe hao hakupingani na imani. Akakumbusha mfano wa Injili wa mchungaji mwenye kondoo 100 anayewaacha 99 ili amtafute mmoja aliyepotea: huenda sisi ndio yule mmoja aliyepotea, na wengine hawakuwahi kumwasi Muumba. Naliona jibu hilo zito kuliko mabishano mengi ninayoyasikia, kwa sababu linamwondolea binadamu kiburi bila kumwondolea thamani.

Kisayansi, mpaka sasa hakuna ushahidi wowote. Mwanafalaki Frank Drake alianza kutega darubini ya redio kwenye nyota mbili, akisikiliza kama kuna ishara ya viumbe wenye akili, mwaka 1960 huko Green Bank, Marekani, na tangu hapo haijathibitishwa ishara hata moja. Sayari zinazozunguka nyota nyingine, hata hivyo, tumeshazijua zaidi ya 5,000. Iliyo karibu kabisa iko umbali wa miaka ya nuru 4.2, yaani nuru, na mawimbi ya redio yaendayo kwa kasi hiyo hiyo, huchukua miaka 4.2 kufika: salamu ya leo ingejibiwa baada ya miaka zaidi ya 8.

Nawaomba mashehe na wachungaji wasichanganye mambo haya na majini au mapepo. Tunachokitafuta hupimika kwa vyombo: gesi katika anga ya sayari, au mawimbi ya redio. Habari ya ugunduzi ikiwafikia kwenye simu, kabla ya kuipeleka mimbarini, ulizeni kwanza ni darubini gani iliyopima, na kama kundi jingine la wanasayansi limepima upya likapata jibu lile lile.