Acheni kuwakataza wanafunzi breki ya mbele

Juzi asubuhi nilimpokea kijana aliyetoka kununua pikipiki yake ya kwanza, Boxer. Nikamwambia aende mpaka mwisho wa uwanja, ageuze, aje asimame mbele yangu. Akakanyaga breki ya mguu peke yake, tairi la nyuma likaburuza vumbi, akanipita hatua nne nzima. Nikamuuliza mkono wake wa kulia, ulioshika leva ya breki ya mbele, una kazi gani. "Mwalimu, kaka aliniambia ya mbele nisiiguse kabisa, itanirusha."

Nafundisha pikipiki hapa Mbeya mwaka wa kumi na moja sasa, na maneno hayo nayasikia karibu kila wiki. Wengine wanafika kwangu kebo ya breki ya mbele imeshalegezwa na fundi kwa ombi la ndugu, ili mwanafunzi awe salama. Nikiona hivyo, somo haliendelei mpaka kebo ikazwe.

Ukifunga breki, uzito wa pikipiki pamoja na wako unahamia mbele, ndiyo maana shokapu za mbele zinazama. Tairi la mbele linagandamizwa barabarani na kushika zaidi, la nyuma linabaki jepesi. Kwenye lami kavu, bila abiria, breki ya mbele inabeba kama asilimia 70 ya kazi ya kukusimamisha. Ukitegemea ya nyuma peke yake, unategemea tairi lile jepesi, ambalo linafunga upesi na kuanza kuserereka. Piga hesabu: spidi 60 ni karibu mita 17 kila sekunde. Anayejua kutumia breki zote mbili anasimama kwa mita 20 hivi tangu ziliposhika. Kwa ya nyuma tu inaweza kufika mita 40. Mtoto anayevuka barabara anaweza kuwa ndani ya hizo 20 zilizoongezeka.

Najua imani hii ilikotoka. Wengi wetu tulianza na baiskeli, ambayo ni nyepesi, na wewe umekaa juu. Ukikamata ya mbele kwa nguvu inakuinua kweli. Pikipiki ya kilo zaidi ya 100 yenye breki ya dramu mbele ni chombo kingine. Walioanguka wapo, na baadhi nimewaokota mwenyewe. Walikamata leva kwa ghafla, au usukani ulikuwa umekunjwa, au walikuwa juu ya mchanga. Na hapa ndipo panaponiuma: aliyekatazwa kuigusa ndiye anayeikamata hivyo. Gari likimchomokea, mkono unajikunja wenyewe kwa hofu, na vidole ambavyo havijawahi kujifunza kipimo vinabana vyote kwa mpigo.

Dawa yake ni mazoezi. Vuta leva kidogo mpaka uhisi breki inashika, ngoja shokapu zizame, ndipo uongeze nguvu. Yote hayo hayafiki sekunde moja. Mguu unasindikiza tu. Anza na spidi 20 kwenye lami kavu iliyonyooka, mara thelathini kwa siku, wiki nzima. Kisha 30, kisha 40. Kwenye kokoto, mchanga na matope ya masika, mkono uwe mwepesi, mguu ufanye zaidi, na mwendo upungue mapema. Kwenye kona, maliza kupunguza kabla hujaingia. Ukibeba mtu, ya nyuma inapata kazi zaidi, lakini ya mbele haistaafu. Na kwa mwezi wa kwanza usibebe mtu yeyote, hata mke wako, hata kwa hatua mia. Hilo kwangu halina mjadala.

Maneno mengine ya namna hiyo nitayapitia haraka. "Mteremkoni weka frii, yaani toa gia, uokoe mafuta." Wanafunzi wangu wanaoishi Mbalizi wananiambia hivi, wakati kila siku wanashuka mteremko wa Iwambi wakiwa katikati ya malori. Ukiweka frii, injini haikusaidii tena kuzuia mwendo. Kazi yote inaangukia breki, zinapata moto, zinalegea ukiwa bado kati ya mteremko. Shuka na gia ya pili au ya tatu.

"Helmeti ni ya safari ndefu." Lami ya mtaani kwako ni ngumu sawa na ya barabara kuu. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zinaonyesha helmeti inapunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia 42 hivi, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Funga mkanda wa kidevuni. Usipofungwa, helmeti inatangulia kuruka kabla kichwa hakijafika chini.

"Pikipiki mpya, oili ya nini?" Mpya ndiyo inayohitaji mapema. Vyuma vipya vinasagana na kuacha unga mwembamba ndani ya oili. Pikipiki nyingi za hapa zinataka oili ya kwanza imwagwe kwenye kilomita 500 hivi. Soma kitabu cha yako, usisubiri rafiki akukumbushe.

Yule kijana anarudi Jumamosi. Nimemwambia aje na kaka yake, na kwamba kaka ndiye atakayepanda kwanza.